Upande wa Pili

Jumapili saa tano mtangazaji alikohoa kidogo, akasema:
andaeni kaseti, bonyezeni sasa,
na mtu asifunge mlango kwa kishindo.
Halafu redio ikaanza kulia
kama bati linaloburutwa juu ya changarawe,
dakika sita,
na kila nyumba yenye mtoto mjini Nysa
ikanyamaza kuusikiliza mlio ule
kana kwamba ni tangazo la msiba.

Sisi tulijua. Ndani ya kelele mna mtu.
Mtu wa nukta kumi na moja, ana ndoo,
anavuka mto ulioganda, barafu inakatika nyuma yake.
Ukiinasa sauti yote bila kupoteza chembe,
ukailisha kompyuta,
mtu huyo anasimama kwenye televisheni.

Kompyuta ilikuwa ya kaka yangu Wit. Aliuza baiskeli ili aipate:
vitufe vya mpira, viwili vimelegea kama meno ya utoto.
Kaseti tupu hatukuwa nayo. Madukani mwaka ule
palikuwa na siki, na muuza siki.

Kabatini kwa mama palikuwa na kaseti moja.

Baba hakuwa mtu wa kalamu.
Alikuwa Iraki akimwaga lami, na badala ya barua
alituma sauti, na kabla ya kuituma
alivunja vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti
ili asije akafutwa.
Nikatafuna mkate mweusi, nikaziba kijitundu.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilibonyeza.

Jioni ya sikukuu ya jina lake, mama alivua aproni,
akakaa, akaiweka kaseti.
Mlio.
Wit alikuwa anamenya kiazi kilekile kwa mara ya tatu.
Mama akasikiliza dakika zote sita, mikono mapajani,
kisha akasema, "Huko aliko leo kuna upepo,"
akairudisha kabatini.
Hakuuliza. Mwezi wa Mei sauti zikakoma kuja kutoka Iraki,
na hilo nalo hakuna aliyeliuliza.

Juzi nimemwaga sakafuni vitu vyote vya nyumba yake.
Wit, kwa simu kutoka Dortmund, anasema tupa.
Mwanangu Iwo anasema ngoja, kuna programu,
simu itausikia mlio na kuuelewa.
Tumeazima kinasa sauti kwa jirani. Iwo akaisogeza simu kwenye spika
kama anayempima mgonjwa homa,
na baada ya miaka thelathini na minane
kijimtu kikasimama kwenye kioo, ndoo mkononi,
kikingoja.

Kaseti ikafika mwisho, kitufe kikaruka: tak.
Nilipoigeuza ndipo nilipoona
kijitundu cha upande wa pili nacho kimezibwa.
Mkate. Mgumu kama kokoto.
Si mimi.

Kisu kinakata kabichi. Hicho tu, muda mrefu.
Kisha mama, karibu mno na maikrofoni,
kama anayesema na mtu aliyelala:

Zenon, watoto wamekufuta.
Nilitaka kuwachapa. Nikachungulia mlangoni,
wanampigia mtu kelele asizame.
Tangu uondoke sijawasikia hivyo.
Basi nimewaacha. Kwani ulisema nini:
lami, joto, kwamba mchele wa huko ni mzuri.
Ninayakumbuka yote.

Kabichi tena. Mlango. Hatua zangu, bila shaka,
au za Wit, tukirudi shule. Sauti inashuka:
hii sijui nitaituma wapi.

Iwo bado ameshika simu. Kijimtu hakijasogea.
"Niende wapi," ananiuliza, "kulia?"

Kulia, namwambia.
Kushoto barafu ni nyembamba.